Tone au Matabaka

Mwaka ule nilikuwa nimeshamwahidi binti yangu kwamba likizo kubwa ikifika narudi Morogoro moja kwa moja. Kilichobaki ni kutetea tasnifu yangu ya falsafa ya sayansi huku China, na msimamizi wangu alikuwa ameshaipitisha.

Humo nilikuwa nikibishana na watu wasioamini kwamba sayansi inatuambia kilichopo kweli. Mimi nasema nadharia ikitabiri sawasawa, basi imegusa kitu. Shida yangu ilikuwa kiini cha atomu. Wanafizikia hukieleza kama tone la kimiminika, kisha haohao hukieleza kama matabaka, na kote wanapata majibu mazuri. Sura yangu ya nne iliyapatanisha maelezo hayo: nilidai ukweli umo pale yote mawili yanapokubaliana. Niliipenda sura ile kupita kiasi.

Mwenzangu wa Mombasa, anayesomea fizikia, aliisoma tukila tambi kwenye kantini ya Waislamu pale chuoni, joto la Guangzhou likitutoa jasho kama kawaida yake.

"Dadangu, hapa umejidanganya," akasema. "Kwenye tone, chembe zinabanana, zinagongana. Kwenye matabaka, kila moja yajipitia njia yake kama wenziwe hawapo. Hiyo sehemu ya pamoja, meiyou. Haipo, kama wasemavyo sokoni."

"Na wewe unatumia ipi?"

"Zote. Mimi nataka hesabu ikubali, basi."

Nilimnunia siku nzima, kwa sababu alikuwa sahihi.

Huku mwalimu haaibishwi mbele ya wanafunzi wake, kwa hiyo sikungoja kikao chetu sote cha kila wiki. Nilimfuata msimamizi ofisini. Alinimiminia chai, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Wajumbe wa kamati ya utetezi hawatauliza hilo," akasema taratibu. "Ukitaka, tetea hivyo hivyo."

Nilitaka, tena sana. Nilishaanza hata kununua zawadi.

"Siwezi, Laoshi," nikasema, kwa jina tunalowaitia walimu wote. "Nimejaribu kukipa kiini umbo nilipendalo mimi, kimekataa. Ndiyo maana naamini kipo."

Akasema basi utetezi utasubiri mwaka mwingine. Nilishukuru, nikatoka, nikalia kwenye ngazi.

Jioni nikapiga simu nyumbani kusema sirudi likizo hiyo. Binti yangu aliuliza mbona siji. Nikamwambia mama amekosea kwenye kazi yake.

"Kosa umeliona?"

"Nimeliona."

"Basi rudi."