Titaniamu ya Nakonde

Mpaka leo kuna watu pale Vwawa wakiniona napita wanageukia ukutani wacheke kwanza ndipo wanisalimie, na sababu tunaijua wao na mimi, sasa leo naisema mwenyewe kwa mdomo wangu kabla hamjaisikia kwa wengine, maana wameitia chumvi mpaka wanadai mbuzi alinipiga teke la taya. Mbuzi hakunigusa. Mbuzi yule alikuwa na adabu zake, aibu yote niliileta mimi, na niliinunua kwa hiari yangu upande wa pili wa mpaka.

Niwaambie kwanza mimi ni nani, kwa sababu bila kuyajua majivuno yangu mkasa huu hamtauelewa. Naitwa Idrisa, mtu wa Kondoa, nilifika Tunduma na begi moja, nikabeba mizigo, nikawa utingo, nikawa dereva, mwisho nikanunua Fuso langu mwenyewe la kusombea mahindi ya Mbozi. Na kuchinja najua, hilo halina ubishi hata leo. Huku kwetu Wakristo wakiwa na shughuli na wamealika Waislamu, wanamtafuta Muislamu aje achinje ili watu wote wale sufuria moja, na kwa miaka mingi aliyekuwa anatafutwa ni mimi, naitwa harusini, naitwa kwenye kipaimara, nafika na kisu changu kirefu nimekiviringisha kwenye gazeti, nachinja, nakula, naondoka na paja (ni zawadi ya mchinjaji, msinitazame hivyo).

Basi mpwa wangu Rajabu, mtoto wa dada yangu ambaye tulikuwa tunafanya naye hiyo kazi ya mahindi, akampenda Neema, binti wa Mzee Nzunda, mkulima wa kahawa kule njia ya Mbozi Mission. Mambo ya dini walikuwa wameshayamaliza wenyewe, ndoa ingefungwa bomani na kila mtu angebaki na ya kwake, lakini mzee alikuwa na kinyongo. Zamani aliwahi kupokea wageni Waislamu, kwa furaha akawachinjia jogoo kwa mkono wake, wale wageni wakakaa mbele ya sahani wakanywa chai tu, wakaaga. Ilimuuma sana. Kwa hiyo akatuma neno kwa binti yake kwamba tuende Jumamosi, atatupa mbuzi mzima, tumchinje wenyewe na tule pamoja, na kama siku hiyo moja tutashindwa kula pamoja, basi binti yake hawezi kuja kula na sisi maisha yake yote. Rajabu akakosa raha, wiki nzima anasukuma sahani pembeni. Mimi nikamwambia atulie, mjomba wake ndiye Idrisa, mbuzi mmoja kitu gani.

Shida ilianza kwa dereva mmoja wa lori, Msauzi, ambaye alikuwa kwenye foleni ya mpaka siku ya tatu anamenya chungwa. Kisu alichokuwa nacho sijawahi kuona, cha kukunja, chepesi kama kalamu, rangi ya kijivu iliyopoa, anakifungua kwa dole gumba tu, tak, anakikunja, tak. Akaniambia ni titaniamu, hakishiki kutu, yeye atakufa na kukiacha. Nikakishika, moyo ukaenda. Halafu nikajipa na sababu ya dini juu yake, sikilizeni hapa mnione nilivyo msomi. Si mnajua mnyama hatakiwi kuonyeshwa kisu kabla ya kuchinjwa? Sasa kisu cha kukunja kinakaa mfukoni, kidogo, kimejificha, mbuzi anakuja kushtukia kazi imekwisha. Nikaona kumbe miaka yote nilikuwa napungukiwa, hiki ndicho kisu cha mcha Mungu, na tena kwa wakwe mtu huwezi kwenda na jisu refu kwenye gazeti kama umetumwa kuvamia. Nikamuuliza bei. Alivyoitaja nikamrudishia kisu chake taratibu, maana kwa bei ile Fuso langu lingepata tairi mbili mpya za mbele.

Kesho yake asubuhi nikavuka mpaka kwenda Nakonde na Rajabu kutafuta ndugu yake yule titaniamu, ndugu wa bei ya kibinadamu. Kwenye meza ya jamaa mmoja tukakuta vya kukunja vitatu. Kimoja kilikuwa na mpini wa mti na pete ya chuma unayoizungusha ili kisijikunje, kizito, kibaya, kama cha babu wa shambani. Kingine chekundu kilikuwa na kijiko na makorokoro mengine. Cha tatu, jamani, kijivu kile kile, tak ile ile. Muuzaji akaniona macho yalipoenda, akasema, "Bamudala, titaniamu, seimu seimu" (bamudala ndivyo wanavyowaheshimu watu wazima upande ule, na mimi nikiitwa hivyo huwa nalegea). Rajabu, ambaye ni mtu wa maneno machache, akakichukua cha mpini wa mti, akakifungua, akakikandamiza mgongo mezani, hakikutikisika. Akafanya hivyo na kile kijivu, kikakubali kidogo kurudi nyuma.

"Mjomba, hiki kinacheza," akaniambia.

Nikamjibu kwamba ile ni springi, vitu vya kisasa lazima viwe na springi. Nikajinyoa nacho vinyweleo vya mkono, vikaanguka vyote, ukali kilikuwa nao siwezi kukisingizia. Nikalipa, nikakitia mfukoni, na njia nzima ya kurudi mkono wangu haukutoka mfukoni, tak, tak, mpaka Rajabu akaniomba nipumzike. Jumamosi mke wangu Mwajuma akaniwekea kisu kirefu mlangoni ndani ya gazeti lake kama kawaida, nikakiruka. Akauliza, nikamwambia mambo yamebadilika, aje aone. Kweli alikuja, na aliona.

Tulifika kwa Mzee Nzunda saa tano, mimi, Mwajuma na Rajabu, mimi nikiwa kwenye kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na koti juu. Ukoo mzima ulikuwepo, majirani, hata mchungaji wao. Ulikuwa msimu wa kahawa, mashine ya kumenyea iko uani na pembeni yake shimo la maganda, maganda mabichi mekundu yaliyoanza kuoza na harufu yake (wanaoijua wanaijua). Nikapewa nafasi ya kusema, nikasema. Nilisema sana. Nilieleza namna mnyama anavyotakiwa kufanyiwa upole, na kwamba leo watu wa Mbozi wataona uchinjaji ambao hata mbuzi mwenyewe hatajua umemfikia. Mzee Nzunda, mtu mrefu mkimya mwenye kofia ya sufu, aliitikia tu kwa kichwa.

Mbuzi akaletwa, beberu jekundu lenye afya. Kaka zake Neema wawili wakamlaza, mmoja kashika miguu ya mbele na mwingine ya nyuma, nikawaelekeza wamgeuze kibla, nikawarekebisha tena, nikawarekebisha na mara ya tatu ili waone kuwa nina utaalamu. Nikainama. Nikakifungua kisu kule kule mfukoni, tak, nikamtazama Mwajuma kwa jicho la kumwambia unaona, nikasoma bismillahi kwa sauti ya kusikika, nikakishusha shingoni. Na ile kukigusisha tu, hata unywele wa mbuzi haujakatika, kikajikunja.

Kilijikunja na kidole changu ndani. Damu ya kwanza iliyomwagika pale kwa wakwe ilikuwa yangu. Nilipiga ukelele ambao siurudii mbele yenu, wale kaka wa Neema wakadhani nimepagawa wakaachia, beberu likasimama, likanitazama kidogo kama linaniuliza hali, likaondoka. Mtu mwenye akili angekaa akafunga kidole. Mimi nikalikimbilia, kanzu mkono mmoja, kisu kinaning'inia kwenye mkono wa pili, nikapita katikati ya kina mama na masufuria yao, beberu likaruka shimo la maganda ya kahawa, likatua ng'ambo salama. Mimi sikuruka. Niliingia mpaka kiunoni.

Inzi wakanipokea. Halafu mama mmoja akashindwa kujizuia, na alipoanza yeye wakaanza wote, mchungaji akashika mti. Ningecheka na mimi, lakini nilimwona Rajabu. Alikuwa amesimama pale pale beberu lilipolazwa, uso umemshuka, na ndani ya yale maganda nikaelewa kwamba mimi nimepoteza kanzu lakini mtoto wa dada yangu anapoteza mke. Niliona aibu ya kweli hapo.

Wakanivuta kwa kamba waliyomletea mbuzi. Mpini nilitoka nao mkononi, bapa la kisu likapatikana baadaye kwenye maganda, skrubu iliyokuwa inaviunga haikuonekana kamwe. Mzee Nzunda akaupokea ule mpini, akaukwaruza kwa ukucha, rangi ya kijivu ikatoka vipande vipande na chini yake likaonekana bati la kawaida. Mama yake Neema akaingia jikoni akatoka na kisu kilichofuliwa na wahunzi wa kijijini, kimetengenezwa kwa springi ya gari, cheusi, hakina umbo, akamkabidhi Rajabu. Beberu likakamatwa, Rajabu akalichinja kwa mkono mmoja uliotulia, hakuelekeza mtu wala hakuhutubia, mara moja, kwisha. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nimevaa suruali ya Mzee Nzunda inayonipita miguu, kidole kimefungwa kitambaa, Mwajuma amekaa pembeni yangu anaikamua kanzu.

Chakula kikaiva, wali, nyama na maharage, kikawekwa katikati. Nikanawa mkono mmoja uliobaki. Mzee akainua kiganja kwamba tusubiri, akauliza kwa sauti ya chini, hana hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Bwana Idrisa, wewe ni mjomba, ndiye umemlea huyu. Kisu umekichagua kwa kukipenda rangi. Na yeye mke kamchagua hivyo hivyo?"

Jamani, mimi ambaye sijawahi kukosa neno, nilikosa. Nilitaka kusema kijana ana tabia nzuri, mchapakazi, lakini nani angeniamini nikisifia kitu siku ile? Neema alikuwa mlangoni na bakuli mkononi, anatazama chini. Rajabu ndiye aliyejibu, na alijibu bila kunyanyua sauti.

"Mzee, kile kisu mjomba alikitazama dakika tano. Mimi Neema nimemtazama miaka mitatu."

Mzee Nzunda akamwangalia, akaniangalia na mimi na suruali yake niliyoivaa, halafu akamega nyama, kipande cha kwanza, akakiweka kwenye sahani ya Rajabu na cha pili akakiweka kwangu, akasema tule kabla hakijapoa. Tukala. Mzee alikula akitutazama midomoni kila tonge, na alipoona sahani zimekuwa nyeupe akafuta macho kwa kofia yake, akasema ni moshi.

Neema ni mke wetu, ana watoto wawili, na wakwe zangu wote wa Mbozi wananiita Titaniamu, wadogo kwa wakubwa. Nimeapa kwamba kuchagua kitu chochote, iwe kisu, iwe tairi, iwe kitambaa cha kanzu, siku hizi namwachia Rajabu. Mimi nimebakiwa na kazi ya kusema tu, na hata hiyo nikisimama ukweni wananiambia nifupishe.