Mtu Aliyebebwa na Madam Nyamizi

Mimi ni mwongo, na shule nzima inajua. Nimewahi kumuua babu yangu mara mbili ili nikwepe mtihani wa hesabu, na mara ya pili babu mwenyewe ndiye aliyenileta shuleni kwa baiskeli. Kwa hiyo sikulaumu kama umeanza kusoma ukiwa tayari umebinua mdomo. Lakini kisa hiki sikukitunga. Mwalimu Rama alikuwepo, kanishika mkono, na alama za kucha zake zilikaa kwenye ngozi yangu wiki nzima. Ningefurahi sana kama kingekuwa uongo wangu. Ningekuwa nalala vizuri.

Shule yetu iko nje ya mji wa Tabora, upande wa kwenda Igalula, katikati ya msitu. Inaanzia darasa la kwanza mpaka kidato cha pili, na tofauti yake na shule zingine ni kwamba sisi tunasomea nje. Hesabu tunapima vivuli vya miti. Sayansi tunachungulia mizinga ya nyuki. Mama yangu alipokuja mara ya kwanza na kutukuta tumekaa chini ya mninga na madaftari, alimuuliza mkuu wa shule kwa upole kama madarasa bado yanajengwa.

Kila Alhamisi jioni tuna somo linaitwa Masikio. Mwalimu wake ni Madam Nyamizi, mwanamke mfupi, mwembamba, anayevaa mabuti ya mpira siku zote, hata siku ya mahafali. Kila mwanafunzi ana mti wake msituni, mbali kiasi cha kutoonana na mwenzake. Unakaa chini ya mti wako nusu saa bila kusema neno, unaandika unachosikia: ndege, upepo, treni, tumbo lako. Muda ukiisha, Madam anatokea ndani kabisa mwa msitu akija upande wa njia, anaita majina. Ukiitwa unajibu "Nipo", unatoka, unamfuata. Na haondoki mpaka wote tumejibu.

Siku moja rafiki yangu Masanja alipitiwa na usingizi chini ya mti wake. Madam alisimama akiita jina lake mpaka sauti ikamkauka, huku basi la shule linapiga honi. Dereva akaja akamwambia, "Madam, huyo si ataamka tu, atembee?" Madam akamjibu, "Nenda na basi lako." Dereva akazima gari akakaa. Ndivyo alivyo huyu mama, na lishike hilo, kwa sababu mengine yote yametokana nalo.

Hiyo njia ninayoisema ni njia ya zamani kweli. Misafara ya pwani ilipita hapo, wapagazi na mizigo mabegani. Siku hizi inapitwa na ng'ombe na baiskeli za mkaa, na ukionyeshwa utadhani unataniwa.

Ilikuwa Oktoba, joto la kukausha mate. Alhamisi hiyo Mwalimu Rama wa historia alikuja nasi. Mwalimu Rama ni mtu wa mjini, viatu vinang'aa, na anaogopa nyoka kiasi kwamba akiona mkanda wa suruali umeanguka anaomba watu wautazame kwanza. Alitusimamisha njiani, akatueleza habari za wapagazi.

"Mpagazi akiugua, msafara haumsubiri," alisema. "Anawashiwa moto, anaachiwa maji kwenye kibuyu, anaambiwa tutakurudia."

"Walikuwa wanarudi, mwalimu?" Masanja akauliza.

"Wewe unaonaje?"

Watu wakanyamaza. Na mimi, niambie, mimi na watu walionyamaza tunaelewana lini? Nikajitupa pale pale vumbini, nikashika mguu, nikaanza kulia: "Jamani, msiniache. Mguu wangu. Nibebeni hata mpaka pale tu."

Kwa kuiga sijambo. Naweza kukutolea sauti ya mwalimu yeyote wa shule yetu, na ndiyo maana wananiita Kasuku. Lakini siku hiyo sikuiga mtu. Nilitumia sauti yangu mwenyewe, nikaongeza kilio juu yake, ikatoka safi kabisa. Darasa likaanguka kicheko. Mwalimu Rama mwenyewe alicheka mpaka akatoa leso.

Madam Nyamizi hakucheka. Alinitazama, halafu akatazama pale nilipolala, kama mtu aliyeona umekalia kitanda cha mgonjwa.

"Kasuku, inuka hapo," akasema. "Jifute vumbi." Akageuka, akaingia msituni kwenda mahali pake pa ndani kabisa, kama kawaida.

Wenzangu walipotawanyika, Mwalimu Rama akanidaka ukosi. "Wewe bwana, na huo mdomo, leo unakaa na mimi. Huko utawaharibia wenzako." Akanikalisha pembeni yake, akanipa karanga za kunizibia mdomo. Madam alikuwa ameshaondoka. Hakuna aliyemwambia kwamba leo sipo kwenye mti wangu. Hilo tu. Kosa lenyewe lilikuwa dogo kiasi hicho.

Nusu saa ikapita. Jua lilikuwa limeshashuka mpaka kwenye mashina ya miti. Tukamsikia Madam akianza kuita, mbali.

"Masanja."

"Nipo."

Akaita wengine, wakajibu, wakaanza kutokea njiani mmoja mmoja wakijikung'uta majani. Wote wakafika. Nikabaki mimi.

"Kasuku."

Nikafungua mdomo, umejaa karanga. Kabla sijameza, nikajibu.

Elewa ninachosema. Nilijibu, na mdomo wangu ulikuwa haujatoa kitu.

"Nipo, Madam."

Ilitoka ndani sana, nyuma ya Madam, kule ambako hakuna mti wa mwanafunzi yeyote. Umeshawahi kujirekodi kwenye simu, ukajisikiliza, ukajichukia? Ndiyo ile. Sauti yangu kama watu wengine wanavyoisikia. Halafu ikaendelea, kwa kilio kile kile: "Mguu wangu. Nibebeni hata mpaka pale tu."

Wanafunzi wote wakageuka kunitazama. Masanja alianza kucheka, akaona uso wangu, akaacha. Mwalimu Rama hakutazama uso. Alitazama mdomo wangu, karanga zikiwa bado shavuni, na hapo ndipo aliponishika mkono.

"Ni wewe?" akaninong'oneza.

Swali gani hilo, mtu niko mbele yako? "Hapana, mwalimu."

"Mwite Madam."

"Mwite wewe, mwalimu."

Akajaribu. Niamini, nilimwona akifungua mdomo wote, ukatoka upepo mtupu. Basi nikazitema karanga, nikapiga kelele mimi: "Madam, niko huku njiani. Niko na Mwalimu Rama."

Kisha Madam akajibu, sauti yake ya kawaida kabisa, ya darasani: "Nimekusikia, Kasuku. Baki na wenzako."

Tukapumua. Mwalimu Rama akalegeza mkono kidogo. Halafu tukasikia mabuti yake kwenye majani makavu, na ilituchukua muda kukubali tulichokuwa tunakisikia. Mabuti yalikuwa yanakwenda. Hayakuwa yanakuja.

Niliita mpaka koo likawaka. Kila nilipoita, kule ndani nililia taratibu zaidi, kama mtoto anayejua kwamba anakaribia kufikiwa. Mwisho tukamsikia Madam, mbali mno, kwa upole ambao hajawahi kunipa mimi: "Nimekuja, mwanangu. Haya, panda."

Baada ya hapo hata ndege hawakulia.

Mwalimu Rama, yule wa kuogopa mikanda, alitukataza kusogea, akaingia msituni na viatu vyake vya kung'aa. Alirudi na daftari la Madam. Alitufungia kwenye basi, akawapigia simu wakubwa, na walipokuja warina asali wa kijiji cha jirani akawaonyesha alichokiona. Nilichungulia dirishani nikawasikia wakibishana. Nyayo zilikuwa za mtu mmoja tu, mabuti ya Madam. Lakini zilizama kwenye ardhi ile ngumu ya kiangazi kama nyayo za mtu aliyebeba gunia la mahindi. Na kadri zilivyokwenda, zilizidi kuzama.

Walitafuta usiku kucha, hawakumpata. Asubuhi ikaja simu kutoka Igalula: kuna mwalimu amekaa stesheni, hataki kuinuka kwenye benchi. Igalula, ndugu yangu. Kwa pikipiki yenyewe unafika umechoka.

Mkuu wa shule alikwenda na Mwalimu Rama, na mimi nililia mpaka wakanichukua. Tulimkuta amekaa wima. Soli za mabuti zilikuwa zimekwisha, vidole vinaonekana. Bega la kulia limevimba, ngozi imechubuka, bega la mtu ambaye kazi yake ni mizigo. Mfanyakazi wa stesheni alikuwa amemnunulia uji, haujaguswa.

"Shikamoo, Madam," nikasema nikiwa nyuma yake.

Hakugeuka. Hakuitika. Nikazunguka mbele, ndipo akanishika uso kwa mikono miwili, akautazama kama anayesoma. "Marahaba," akasema.

Ndani ya gari nilishindwa kuvumilia. "Madam, si ulinisikia? Ulisema umenisikia."

"Niliwasikia wawili," akasema. "Mmoja alikuwa njiani, mzima, yuko na mwalimu wake. Mwingine alikuwa analia asiachwe. Wewe ungekwenda kwa yupi?"

Nikavitazama vidole vyake vilivyotokeza kwenye mabuti.

Mwalimu Rama, kakaa mbele, hageuki, akauliza, "Alikuwa nani?"

"Sikumwona. Alikuwa mgongoni." Akajishika bega, gari likapita mashimo mawili matatu. "Mwanzoni alikuwa mwepesi, kama mtoto wa darasa la pili. Kisha kila baada ya mwendo ananiambia, simama kidogo, na mwenzangu yuko hapa. Nikisimama, nikiondoka, nakuta mzigo umeongezeka."

"Ukawashusha wapi?"

Madam akatazama nje.

"Hakuna aliyeniambia nimshushe," akasema.

Hospitali walimpima, hawakuona mfupa uliovunjika. Bado anafundisha. Anatembea ameinamia kulia, na akitaka kuinuka kwenye kiti anaweka kwanza mikono magotini, anavuta pumzi, ndipo anainuka, polepole, kama kuna watu hataki wadondoke. Siku hizi anayeingia mwisho wa ndani wa msitu ni Mwalimu Rama, na ndiye anayeita majina. Hakuna aliyemwagiza. Mimi nikitaka kumsalimia Madam lazima nimzunguke nisimame mbele yake anione, kwa sababu sauti yangu peke yake haimtoshi tena.

Nimemwomba radhi mara nyingi. Anasema hana hasira na mimi, na ndilo linaloniumiza, maana mtu mwenye hasira ungejua umpe nini.

Kwa hiyo wewe mwenzangu mchekeshaji, wewe unayeweza kulia ukitaka na kuugua ukitaka, sikuzuii, chekesha watu. Ila kabla hujajitupa chini na kuomba kubebwa, tazama pembeni yako kwanza kama kuna mtu wa aina ya Madam Nyamizi, mtu anayekuja akiitwa. Kwa sababu atakuja. Na anaweza asifike kwako.