Kadi ya Picha Kwanza

Fundi kompyuta wa pale Kihonda alikuwa na tabia ya kuisikiliza mashine kabla ya kuifungua. Aliinamisha sikio, akaigusa ubavuni kwa mgongo wa kiganja kama mama anayepima homa ya mtoto, ndipo akatafuta bisibisi. Sauti yake ilikuwa ya chini mno, watu wakawa wanamkatiza bila kujua. Mimi nilimkatiza nikijua. Nilimpelekea kompyuta kuukuu niliyokuwa nikiwalipisha vijana kuchezea gemu, ndiyo iliyonilisha, kwa sababu picha zilikwama na wateja walianza kunihama.

"Shikamoo, mzee. Nibadilishie kadi ya picha."

"Marahaba. Anza na pawasaplai, hiki kisanduku kinachogawa umeme ndani. Kimechoka, na kadi mpya inataka umeme mwingi."

"Mteja haoni pawasaplai, mzee. Anaona picha."

Alikataa kuifunga kadi mpya kabla ya kubadilisha pawasaplai. Nikaenda kwa mafundi wa mjini, wakaifunga huku wakimcheka.

Siku ya tatu nilirudi kwake na mashine inanuka moshi. Aliifungua taratibu, akafuta masizi kwa kitambaa.

"Imekufa yote," alisema. "Zamani nilikuwa fundi umeme kiwandani. Kiwanda kilipouzwa, niliwaambia wenye mali wapya wabadilishe nyaya kwanza, ndipo wafunge mitambo yao. Wakasema nimezeeka. Nyaya ziliposhika moto na ukumbi wa mitambo kuungua, wa kwanza kupunguzwa kazi nilikuwa mimi."

Alilisukuma kasha la kompyuta upande wangu wa meza, akaniuliza kama nitalibeba mwenyewe.