Kijivu cha Sebule ya Mzee Eliakimu

Sikupanda Machame kutalii. Nilipandishwa na ukuta, tena ukuta ambao sikuwa nimewahi kuuona. Ninyi wa nyumbani Singida mmesikia kwenye simu kwamba mambo yalikwenda vizuri. Hamkuambiwa nilitetemeka kiasi gani kabla hayajawa vizuri, kwa hiyo nawasimulia mwenyewe.

Chanzo ni hiki. Mzee Eliakimu, baba wa mchumba wangu Ndeshi, alikubali wazee wetu waende kwake Jumamosi kuzungumzia uchumba. Wiki hiyohiyo fundi umeme akauchimba ukuta wa sebule yake kupitisha waya, akaziba kwa plasta, akaenda zake. Likabaki kovu refu kutoka swichi mpaka karibu na dari. Mzee akauliza yule kijana wa Ndeshi anafanya kazi gani. Ndeshi, kwa fahari, akajibu: fundi rangi. Basi akaniletea maneno ya baba yake kama yalivyotoka: "Aje alifute. Wazee wao wakikaa hapa na mimi nikaliona lile kovu, maongezi yatakuwa mafupi."

Mnanijua, mimi hata msibani mnanikanyaga miguu nisicheke. Siku ile meno yangu hayakuonekana.

Alhamisi asubuhi niliondoka kambini kwetu, huku chini kwenye mashamba ya miwa, ambako joto linaweza kuivisha yai mfukoni. Mama alinifuata mpaka barabarani na sweta.

"Kule juu kuna baridi," akasema. "Na huyo mzee, nasikia, ni baridi zaidi. Ukifika, shikamoo kwanza, brashi baadaye."

Moshi mjini nilipata lifti ya pikapu iliyokuwa inarudisha madumu ya maziwa Machame. Kila kona tuliyopanda hewa ilipungua joto, migomba ikazidi kusongamana, kahawa ikajaa chini yake, na mimi nikazidi kupungua. Nadhani nilishuka pale nikiwa na nusu ya kilo zangu.

Machame, saa nne hivi. Mzee Eliakimu alikuwa amesimama barazani kwa koti zito, mrefu kama nguzo ya umeme, na macho yake yalinipima kabla sijafika getini.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Wewe ndiye rangi?"

"Ndiye mimi, Baba."

"Ukuta ule pale."

Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho. Sebule ilikuwa ya kijivu, kijivu kizito chenye uzee fulani, na lile kovu la plasta lilipita katikati yake kama nyoka mweupe. Nikamuuliza Mama Ndeshi walipaka rangi ya kampuni gani.

"Tuliinunua Himo, mwanangu, ya ng'ambo, nyumba ikiwa mpya. Kopo lake tuliwekea maharage mpaka likatoboka."

Hakuna kopo, hakuna jina. Ilibidi nikate kipande kidogo cha rangi ukutani nikakilinganishe dukani. Lakini Mzee alikuwa amekaa kitini ananitazama, na nani angethubutu kumkatia mkwe mtarajiwa ukuta mbele ya macho yake? Nikajifanya napima kwa kamba. Nikapima, nikapima tena. Hatimaye ng'ombe akalia, Mzee akatoka kumpelekea majani ya mgomba. Haraka nikasogeza kabati la vyombo, nikakata kipande cha ukubwa wa kiberiti huko nyuma yake, pasipoonekana, nikarudisha kabati, nikatoka yeye akiwa anaingia. Jasho lilinitoka kwenye baridi ile kama niliyekata nyaya za mtambo wa umeme.

Alasiri nikashuka mpaka Himo, njia panda ya Marangu na mpakani, nikitumaini rangi za ng'ambo bado zinapita. Mfanyabiashara mmoja akakitazama kipande changu, nikamweleza ni rangi ya ng'ambo iliyonunuliwa hapo zamani, akacheka mpaka akashika meza.

"Rangi ya hao? Kaka, mara ya mwisho kuliona kopo lao nilikuwa na nywele."

Alichimba stoo, akaleta kopo moja lenye kutu. Tukalifungua. Rangi ilikuwa imeganda kama ukoko wa ugali wa harusi. Nikajua sasa kijivu cha kampuni ile kitatafutwa kwa rangi ya kampuni nyingine, na kwa wasiojua, hapo ndipo mafundi huugua vidonda vya tumbo.

Ijumaa asubuhi, Moshi. Niliingia duka lenye mashine ya kuchanganya rangi, nikamkuta Dada Rehema, mwenye duka.

"Nataka kijivu, dada. Cha kawaida tu."

"Hakuna kijivu cha kawaida. Kuna kinachovuta bluu, kuna kinachovuta kijani, kuna kinachovuta zambarau. Wewe chako kinavuta nini?"

"Chumba kizima cha wakwe."

Akacheka, akachukua kipande. Alianza na kijivu cha kampuni moja, akapaka kwenye kadi, akakausha kwa mashine ya saluni, tukatoka nayo nje kwenye jua. Ilikuwa bluu kama shati la shule. Akajaribu cha kampuni ya pili, ambacho kwenye kitabu cha rangi kilifanana kabisa na kile cha kwanza. Kikavuta kijani. Akaongeza tone la nyeusi, tone la njano, akapaka kadi nyingine. Kila kadi ilipokauka roho yangu iliruka mpaka Arusha na kurudi. Mwishowe akaweka kipande juu ya kadi, kikapotea.

"Kiko wapi?" akauliza.

"Sikioni!"

"Basi nenda kaoe."

Nilitoka pale na kopo langu dogo nimelikumbatia kama mtoto mchanga.

Ijumaa alasiri, Machame tena. Nikapiga msasa plasta, nikapaka mara ya kwanza, nikasubiri, nikapaka ya pili. Rangi ya maji ikiwa mbichi hudanganya, kwa hiyo sikuhukumu. Mama Ndeshi akaniletea mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi, nikanywa nikiutazama ukuta ukikauka. Ulipokauka, kijiko kikaniponyoka. Pale palipokuwa na nyoka mweupe sasa palikuwa na bandeji safi, ya kijivu laini, inayong'aa hata ukiwa mlangoni.

"Yohana," Ndeshi akanong'ona, "umepaka nini?"

"Kijivu chenu."

"Hiki si kijivu chetu! Baba anakuja kula hapahapa jioni."

Nikatoa kipande mfukoni, nikakiweka juu ya bandeji. Kikapotea. Nikakiweka juu ya ukuta wa zamani, kikatokeza kama jino. Ukuta mmoja, vijivu viwili! Nje nilisikia Mzee akimsemesha ng'ombe kwa Kichagga, na nikaanza kupima kwa macho njia ya kupita migombani mpaka barabarani. Nikawaona akilini wazee wetu wamefika kesho yake, wamekaa, Mzee amelitazama kovu na kusema safari njema.

"Mwambie kichwa kinaniuma," nikamwambia Ndeshi. "Mwambie nimekufa."

"Akija kukuangalia je?"

Hapo Mama Ndeshi akaingia na jiko la mkaa limewaka, akaliweka katikati ya sebule, akaacha mlango wazi kidogo. Sisi wa kwenye miwa tunaukimbia moto, hatuuingizi ndani. Nikauliza, "Mama, hilo jiko hukaa hapa?"

"Kila jioni ya baridi, mwanangu. Miaka yote. Bila hilo utakufa huku."

Nikatazama ukuta, nikatazama lile kabati. Kipande changu kilikuwa kimejificha nyuma ya vyombo tangu nyumba ikiwa mpya, hakikuonja moshi hata siku moja. Nilikuwa nimelinganisha rangi waliyoinunua, wakati wao wanaishi na rangi nyingine. Jioni ile Ndeshi akatundika kanga mbele ya ukuta, akamwambia baba yake rangi haitaki vumbi. Mzee akaitazama kanga, akala, akaitazama tena, akaenda kulala.

Jumamosi, kunapambazuka. Duka lilikuwa mbali na kopo halikutosha ukuta mzima, kwa hiyo nikaomba maji ya moto, sabuni ya unga na vitambaa, nikaanza kuosha. Nilikuwa nimefika kiunoni Mzee alipoingia.

"Unafanya nini?"

"Naosha, Baba."

"Nilikuita upake."

"Nimeshapaka. Ila ukuta..." Nikachovya kitambaa. "Ukuta una moshi, Baba."

"Ukuta wangu mchafu?"

Nikaendelea kusugua. Mama Ndeshi akaja mlangoni, akaona pale nilipokwisha osha, akashika mdomo.

"Eliakimu! Hii ndiyo rangi niliyoichagua mimi. Nilidhani nilisahau."

Mzee akamtazama mkewe, akautazama ukuta. Kisha akavua koti. Akachukua kitambaa, akanyoosha mkono juu kabisa.

"Samahani, Baba," nikasema, nikijua huenda ndiyo maneno yangu ya mwisho. "Tunaanza chini kwenda juu. Tukianzia juu, maji machafu yanaacha michirizi."

Akashusha mkono. Akapiga goti karibu yangu. "Anza kule," akasema, "mimi huku."

Mchana wazee wetu walifika, wakapewa mbege, pombe ya ndizi ya huko. Kwa kuwa ni watu wa Singida walisifu kila kitu mpaka vitasa. Mzee Eliakimu akamwambia baba yangu mdogo, "Onyesha fundi umeme alipochimba." Baba mdogo akatembea, akanusa, akaonyesha chini ya saa ya ukutani, upande mwingine kabisa. Watu wakacheka. Mimi nikathubutu kupumua.

Ndipo Mzee akatazama juu. Kuta zilikuwa safi, na dari kwa kulinganishwa ilikuwa nyeusi kama sufuria. Wazee wetu nao wakainua vichwa. Nikainamisha kata yangu bila kujua, mbege ikamwagikia viatu vyangu.

"Hiyo ya juu," akasema, "tuiache. Ataipaka mkwe."

"Mkwe yupi?" akauliza baba mdogo, ambaye mbege ilishamfika.

"Huyo anayemwaga pombe."

Jumapili nilirudi kambini kwenye joto letu. Nimejifunza kwamba kipande cha kulinganisha hukatwa pale watu wanapokaa, hata mwenye nyumba akikukodolea macho, na kwamba kumficha mtu ukuta wake mwenyewe ni kazi ngumu kuliko kuupaka. Jioni Ndeshi akapiga simu.

"Baba anauliza dari utaanza lini."

"Mwambie kesho," nikasema. "Ila ngazi anishikie mwingine, siyo yeye."