Verdiana Alivyowanawisha Wakwe

Verdiana ni wifi yangu, ameolewa na kaka yangu Didace hapa Kasekese. Nisimame wapi kumsema vibaya? Mwanamke wa jembe yule. Mwaka juzi, akipalilia karanga, mkono wa kulia ukalegea, jembe likamdondoka. Kiharusi.

Watu na midomo yao wakasema amelaaniwa. Sisi tukauchua mkono kwa mafuta ya mawese asubuhi na jioni, wapi! Daktari wa Mpanda ndiye aliyetufumbua macho. Mkono hauna kosa, alisema. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoutuma mkono wa kulia, na damu iliganda huko kushoto. Akatufundisha mazoezi, lakini mkono haukurudi.

Basi wakaja wakwe kutoka Sibwesa kumposa Glory, mtoto wake wa pekee. Kwetu mama mzazi wa binti ndiye anayewanawisha wageni. Nikamwambia, "Wifi, niachie mimi."

"Glory nimemzaa mwenyewe," akanijibu. "Nitawanawisha mwenyewe."

Akashika jagi kwa mkono wa kushoto. Mzee Masele, baba mkubwa wa kijana anayeposa, akairudisha mikono yake mapajani. Kumhudumia mkwe kwa mkono wa kushoto ni tusi, nani asiyejua?

Didace, badala ya kufunga bakuli lake, akajifanya daktari. "Msimwelewe vibaya jamani. Mkono wake ni mzima! Anachoumwa ni kichwa, upande wa kushoto!"

Haa! Mwanaume huyu! Wageni wakatazamana.

"Ugonjwa wa kichwa?" Mzee Masele akauliza polepole. "Na watoto wanaurithi?"

Glory alikuwa amepiga magoti mlangoni, ameitwa kuja kusalimia. Aliona ndoa inamponyoka. Akainamisha uso, akamwambia Mzee Masele:

"Baba, huyu si mama yangu mzazi. Ni mama wa kambo."

Mungu wangu! Nilitaka kumrukia. Aibu ilinipanda mpaka masikioni, nikashindwa kumtazama wifi yangu usoni. Didace naye akaukodolea macho mkeka, yeye aliyekuwa na maneno mengi.

"Ni kweli," Verdiana akasema. "Mimi niliolewa nikamkuta." Akanisogezea jagi. "Mama wa kambo hanawishi wakwe. Shika, shangazi yake."

Nikalishika. Mzee Masele akanyoosha mikono.