Fundi Meno na Moyo wa Mheshimiwa

Wifi yangu alianza na meno. Baba yake alikuwa fundi wa meno ya bandia, na kabla binti hajajua kusoma vizuri tayari alikuwa anajua kung'arisha meno ya mzee asiyemfahamu. Kwa hiyo hospitali ilipopata mashine ya kuchapisha mioyo, wakawa wanatafuta mtu mwenye mkono mwepesi na subira, hawakuhangaika sana. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto wenye maradhi ya moyo, na nimeolewa na kaka yake, basi utani ni haki yangu. Nilimwambia siku ileile, "Wifi, umetoka kinywani umeshuka kifuani. Mwakani tutakukuta kwenye utumbo." Hakucheka. Wifi yangu hacheki kwa kuombwa.

Hospitali nzima inamwita Fundi Meno mpaka leo. Chumba chake kiko chini, karibu na mahali pa kufulia mashuka, kina dirisha moja na harufu ya spiriti. Mtoto aliyezaliwa na moyo wenye kasoro hupigwa picha kwenye ile mashine kubwa ya mionzi, na picha zikija kwenye kompyuta ya wifi yangu yeye huketi nazo akitenganisha moyo na mbavu, moyo na mapafu, picha baada ya picha. Akimaliza, mashine yake inaujenga moyo ule kwa plastiki laini, tabaka juu ya tabaka, na matundu yake yote na mishipa yake yote ilivyopotoka. Unatoka umeshikiliwa na viguzo kila upande. Anavikata kimoja kimoja, anauosha, anausugua kwa msasa. Daktari mpasuaji anaupokea, anaukata kama mkate, anaingiza kidole, anashona na kufumua, ili siku ya kumpasua mtoto mwenyewe asianze kupapasa. Ni mfano tu. Kazi ikiisha unawekwa kabatini.

Wodini kwangu alikuwa hafiki. Ngazi ni mbili tu, lakini utadhani nimemwalika kupanda mlima. "Mimi si mtu wa wodi, wifi," alikuwa ananijibu. "Nikishawaona sura, mkono utanitetemeka." Nilimwita mwoga. Sisi tunaowaona sura kila siku mikono yetu ya mti?

Siku aliyopanda alikuja kuniletea ufunguo wa nyumba, kwa sababu tunakaa pamoja na mimi nilikuwa nimeusahau mezani. Kitanda cha kwanza ukiingia kilikuwa cha Mheshimiwa. Alikuwa binti wa miaka sita, mwembamba kama ufito, midomo ya bluu, na jina hilo tulimpa kwa sababu alituamrisha wote. Daktari akija na kipimo chake cha kusikilizia kifua, anaambiwa, "Kapashe moto kwanza hicho chuma." Na daktari anakisugua kwenye koti, angefanyaje? Akitembea kutoka kitandani hadi mlangoni pumzi humwishia katikati, basi huchuchumaa akajifanya anafunga kiatu. Amevaa kandambili. Hatukumwambia kitu, tulimngoja amalize kukifunga.

Akamtazama wifi yangu juu mpaka chini. "Wewe daktari?"

"Hapana."

"Nesi?"

"Mungu aniepushe," akasema, akinitupia jicho. "Mimi natengeneza mioyo."

Mheshimiwa akajinyoosha kitandani. "Na wangu?"

"Wako nauanza leo."

"Nautaka wa njano."

"Njano ipi? Njano ziko nyingi."

Mtoto akanyanyua mguu. "Kama hii kandambili."

Wifi yangu akainama, akaishika ile kandambili na kuichunguza kweli kweli, kama inavyompasa fundi akiletewa sampuli. "Sawa, bosi."

"Mheshimiwa," akasahihishwa. Na hapo, kwa mara ya kwanza katika miaka yangu yote ya ndoa, nilimsikia wifi yangu akicheka mpaka akashika mbavu.

Mama yake mtoto alikuwa ameketi upande wa miguuni, anakunja kanga ileile aliyokwisha kuikunja. Alikuwa mtu wa maneno machache. Miaka yote hiyo kila kituo cha afya kilimwambia asubiri mtoto akue kidogo, akasubiri kwa adabu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wamesema wahenga. Kwa mtoto huyu iliumiza mapafu.

"Utakuwa tayari lini, dada?" akauliza.

"Kesho kutwa, Mungu akipenda."

Mama akaishika mikono ya wifi yangu yote miwili, akamshukuru, akamshukuru tena, machozi yanamlengalenga, mpaka mwenzangu akaona haya akashuka ngazi karibu mbio. Mimi nikajua ni shukrani za kawaida, na yeye akajua hivyohivyo.

Moyo ukatoka. Alikuwa ametafuta rangi akaichanganya mwenyewe, akajaribu na kumwaga mpaka akaipata njano ya kandambili. Aliniita nikauone. Ulikuwa kama ngumi ya mtoto, unang'aa, na kwa nje ulipendeza kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona kwenye chumba kile. Mpasuaji wetu, ambaye tunamwita Bingwa, akauchukua na kujifungia nao. Mishipa miwili mikubwa ya Mheshimiwa yote ilikuwa imetokea chumba kimoja cha moyo, na Bingwa alikusudia kushona kinjia cha ndani, kitoke kwenye tundu lililo kati ya vyumba mpaka kwenye mshipa unaopeleka damu mwilini. Alishona ikashindikana, kwa sababu nyuzi za vali, ule mlango wa ndani ya moyo, zimepita mbele ya tundu lenyewe. Akaomba wa pili. Wifi yangu akachapisha wa pili, wa njano vilevile. Alishona kwa upande mwingine, ikashindikana. Upasuaji wa aina nyingine ungetaka mapafu mazima, na mapafu ya mtoto yalikuwa yameshachakaa kwa kupigwa na damu nyingi tangu kuzaliwa. Kumpasua kungekuwa kumuua mezani.

Bingwa alimwita mama kwenye kile chumba kidogo cha mazungumzo, nami nikakaa pembeni. Ni mtu mwema, Bingwa, ila akieleza jambo hueleza kama anayewahi mahali. Siku ya kwanza alimweleza mama habari za mfano huku anatembea. Leo aliketi.

"Mama, tumejaribu kila njia. Huu moyo hatuwezi kuurekebisha."

Nilijiandaa kumdaka. Mama hakuanguka wala hakulia. Alitikisa kichwa taratibu, ametulia kabisa. "Nimeelewa, daktari. Huu wake hautengenezeki. Ndiyo maana mkamtengenezea mwingine."

Bingwa akaiweka kalamu mezani.

"Basi uwekeni," akasema mama. "Si umeshaisha? Yule dada wa chini alisema kesho kutwa, na kesho kutwa ilishapita. Mwanangu kila asubuhi ananiuliza."

Bingwa aliniangalia mimi, nami nikaangalia sakafu. Niliumia vibaya mno. Niliwaza zile siku zote ambazo mama huyu alilala chini ya kitanda cha mwanawe akiwa na raha, na sisi tukasifiana wodini kwamba huyu mama ana moyo mgumu.

Alitaka kuuona. Nikampeleka chini. Wifi yangu alikuwa anafuta meza, na mioyo miwili ya njano iko pale, mmoja umepasuliwa na kushonwashonwa. Aliponiona uso wangu akaacha kitambaa. Nikamweleza kwa maneno machache. Sijawahi kumwona mtu akizeeka amesimama, ila siku ile.

Aliuchukua ule ambao Bingwa hakuukata sana, akamwekea mama kiganjani. "Mama yangu, nisamehe. Huu hauwekwi mwilini. Ni plastiki. Tunautengeneza ili daktari ajue ndani kukoje."

Mama akauminya. Akauachia. Akauminya tena na kuuachia, polepole, kisha kwa haraka zaidi, na macho hayabanduki pale kiganjani. Wifi yangu alitaka kumshika mkono nikamzuia. Tulimwacha mpaka vidole vyenyewe vikachoka.

"Unauonyesha ugonjwa tu," akasema mama.

"Ndiyo, mama."

"Na dawa haipo."

"Haipo."

Akaurudisha mezani, akauweka taratibu, akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Basi kamwambie wewe. Wewe ndiye uliyemwahidi, na ahadi ni deni. Mimi kinywa changu hakiwezi."

Nilidhani wifi atakataa. Kama ni mimi, ningetafuta sababu. Alivua koti la kazi, akanawa mikono, akapanda ngazi ametangulia, mama katikati na mimi nyuma. Mheshimiwa alikuwa amekaa ameegemea mito, pumzi zinamfukuza. Alipomwona akatabasamu meno yote, na yale mawili yaliyong'oka.

"Umeleta?"

Wifi yangu akaketi kitandani, jambo ambalo wauguzi tunalikataza, na mimi mwenyewe nikamwacha. "Niliutengeneza wa njano, kama ulivyosema. Lakini Mheshimiwa, ule wangu haufanyi kazi. Hauwezi kupiga. Nilifanya kosa sikukwambia mapema."

Mtoto akafikiri. Aliuangalia mkono wa wifi yangu uliokuwa unatetemeka juu ya shuka, akauwekea wake juu.

"Kwa hiyo narudi nyumbani na huuhuu?"

"Na huohuo."

"Haya," akasema. "Usilie basi. Huu nimeshauzoea."

Mama alitoka nje, na kilio chake tulikisikia mpaka mwisho wa korido.

Waliondoka kesho yake na dawa za kumpunguzia maji mwilini. Tangu hapo wifi yangu haanzi moyo wowote kabla hajapanda kwa mama mwenye mtoto akakaa naye, akamweleza kwa kinywa chake mara mbili na kumtaka amrudishie alivyoelewa. Watoto wakimuuliza rangi, huwajibu kwamba rangi ni moja tu.

Simu ya mama yake Mheshimiwa ilikuja wakati wa mvua. Nilikuwa nimeshuka kwa wifi kuchukua moyo wa kichanga mmoja, akawa bado anakata viguzo. Aliitazama namba, akaipokea bila kukaa. Sikusikia upande wa pili ulisema nini, na sikuhitaji kusikia. "Pole, mama," alikuwa anasema. "Pole sana, mama yangu. Pole." Alisema hivyo muda mrefu, mimi nalia mlangoni na sahani yangu ya kubebea mkononi. Simu ilipokatika alijifuta macho kwa kiwiko maana mikono ilikuwa na spiriti, akauinua ule moyo na kuendelea kukata, kwa sababu kichanga mwenyewe alikuwa anapasuliwa kesho asubuhi na Bingwa alikuwa anausubiri.