Alivyompiga Digidigi

Fundi cherehani huyu hakusema uongo, angalau mwanzoni. Alisema tu, "Jumamosi nilimpiga digidigi, katikati ya macho," akaendelea kukata suruali. Kwamba alimpiga picha, hakuna aliyeuliza, naye hakuona haja ya kuwachosha wateja kwa maelezo.

Aliyelidaka neno hilo ni baba mkwe wake, dereva wa malori mstaafu, aliyekuja kupunguziwa koti. Kwa miaka minane mzee alikuwa akimwita "huyu fundi", kwa sauti ya mtu anayetema mbegu. Machoni pake, mwanamume anayeshinda akipima viuno vya wake za watu hakustahili binti yake. Siku ya digidigi akavuta kiti karibu na cherehani, akamwita "mwanangu". Jamani, fundi alilainika mpaka uzi ukamkatikia. Tangu siku hiyo kila Jumamosi akawa anapiga: kanga, swala, ngiri wawili kwa mpigo. Nyama je? Anawagawia askari wa hifadhi. Hapo, nakubali, alidanganya.

Basi mzee akasema naye anataka kwenda. Fundi akaumwa mgongo, kisha jino. Mzee akasubiri vyote vipone. Wakafika kwenye lango la hifadhi asubuhi, mzee kavaa kofia mpya, macho yote kwenye mfuko mrefu uliokuwa begani kwa mkwewe. Njia ya kushoto ilikuwa ya wawindaji wenye vibali, ya kulia ya wanaokuja kutazama tu. Fundi alikuwa amejiandaa kusema uwindaji umefungwa, lakini mlinzi wa lango hakumpa nafasi.

"Karibu, Mzee wa Picha," mlinzi alisema, akiinua kizuizi cha kulia. "Yule digidigi wako kazaa. Na mzee naye kaja na kamera?"

Mzee akamgeukia mkwewe. Aliushusha ule mfuko, akafungua zipu, akatoa miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Akaikunjua mmoja mmoja, akachungulia ndani ya kila bomba.

"Nisamehe, baba," fundi alisema, masikio yakiwaka kwa aibu. "Sijaua hata panya. Nikiona damu naishiwa nguvu. Nilipenda tu vile ulivyoniita."

Kisha akasubiri kutukanwa, na kusema kweli alijisikia mwepesi, kama mtu aliyevua viatu vinavyombana. Lakini mzee mawazo yake yalikuwa kijiweni, kwa madereva wenzake aliowaringia miezi mitano.

"Nimeshawaambia habari za simba," alisema.

"Simba gani?"

"Mmoja tu." Mzee akatazama pembeni. "Na nyati uliyemmalizia chini ya mti."

"Basi twende tukawaambie ukweli, baba. Nitasema mwenyewe."

"Wewe utaaibika siku moja, urudi kwenye vitambaa vyako. Mimi nitakaa nao mpaka nife."

Akaikunja ile miguu mitatu, akairudisha mfukoni na kumpachikia fundi mfuko begani, taratibu kabisa, kwa mapenzi ambayo hakuwahi kumwonyesha. Kisha akamwuliza mlinzi dirisha la vibali vya kuwinda lilipo.

"Jumamosi ijayo wenzangu wanne wa kijiweni wanakuja kukuona," alisema. "Bunduki nitakuazimia. Tuanze na huyo aliyezaa, mwanangu, kwa kuwa ameshakuzoea."